Picha za Kuazima Kwenye Kaunta ya Dobi

Machi 4, Jumatatu

Haya, umeonekana. Weka huo mkoba chini, kaa, usianze kunikumbatia kama mtu aliyetoka hapa jana. Mvua za mwaka jana zilikuja zikaondoka, paa likavuja likazibwa, jino langu la kushoto likang'oka, na wewe hujakanyaga hapa. Simu? Simu si miguu. Kwenye simu unaniuliza, "Mama, hamjambo?" nami nasema hatujambo, basi, imekwisha. Mtu anaweza kuzeeka kabisa kati ya hamjambo na hatujambo.

Kwa hiyo msimu huu wa mvua nakuandikia, utayakuta siku utakayokuja. Sitakusimulia, mdomo wangu umechoka kurudia. Utakaa kwenye kiti hiki usome hadi mwisho, ndipo utapewa chai. Na herufi zikiwa zimepinda usicheke. Mimi shule sikwenda hata siku moja. Herufi zangu ni zile ulizonifundisha wewe kwenye meza hii ukiwa darasa la tatu, ukinigonga vidole kwa rula kama mwalimu wako. Zikipinda, aliyezipinda ni wewe.

Binti yako mzima. Anakula, analala, ananijibu. Sasa sikiliza ya leo.

Asubuhi kabla pasi hazijapata moto, Tajiri Mdogo alituita wote kwenye chumba cha kuanikia. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akilala kwenye kapu la nguo chini ya meza yangu ya pasi, baba yake akiwa hai. Sasa duka la dobi ni lake na ana viatu vyenye ncha. Akasema amenunua mashine ya kaunta, kompyuta mpya. Mambo ya kufunga kila furushi kwa uzi wa rangi na kukumbuka kwa kichwa, basi. Mvua zikikatika, atakayekaa kaunta ni yule anayeijua mashine.

"Na asiyeijua?" nikauliza.

"Tutamshukuru kwa utumishi wake, Bibi."

"Kumshukuru ndiyo kumfukuza?"

Wote tulikuwa tunamtazama Bi Kaunta. Shoga yangu huyo amekaa pale tangu wewe hujaolewa. Anajua sura ya kila mteja na sura ya mama yake mteja. Nyumbani kwake hakuna mtu. Kaunta ndiyo sebule yake, pale ndipo anaposalimiwa. Na herufi hajui hata moja. Nimejaribu kumfundisha miaka, hataki. Ananiambia, "Mimi na herufi tulishaachana kabla hatujaoana."

Leo alijikaza. Akasema tu, "Sawa, Tajiri."

Sawa gani? Mimi ndiye niliyerudi nyumbani nikilalama njia nzima. Nikamwambia binti yako. Akaweka kijiko chini, akavaa viatu, akaenda dukani kwenye mvua hiyo hiyo akamwambia Tajiri Mdogo asinunue programu ya mtu, yeye atatengeneza, na Bi Kaunta ataitumia bila kusoma. Tajiri Mdogo akakubali. Nadhani alikubali ili tumwache ale.

Machi 5, Jumanne

Mvua. Shuka za nyumba ya wageni hazikauki. Sina la kuandika.

Machi 9, Jumamosi

Nimegombana na Chiriku, binti yako. Bado namwita hivyo, ingawa siku hizi akikaa mbele ya mashine yake hatoi neno. Utotoni alikuwa anaongea hadi kuku wanahama uwanja.

Nilimpelekea chai nikaona kwenye kioo cha mashine vipicha vimejipanga. Kamera. Printa. Ile disketi ya kuhifadhi. Kioo cha kukuzia, cha kutafutia. Pipa la taka, la kufutia. Vizuri, safi. Nikamuuliza kama amevichora yeye.

"Sijachora, Bibi. Vimo kwenye mashine. Kila mashine inakuja na picha zake, mimi naziita tu zije kwenye programu yangu. Naandika namba, picha inatokea."

"Yaani unaazima."

"Naazima."

"Mama yako amejinyima akakusomesha, halafu kazi unayofanya ni kuazima picha za watu? Mchoree shoga yangu picha zake. Mchoree shati, mchoree pasi, aone umehangaika."

"Bibi, Bi Kaunta akienda zahanati, printa anayoiona ni hii. Akienda benki ni hii. Kwa yule kijana wa fotokopi, hii hii. Ameshaiona mara ngapi bila kufundishwa? Nikimchorea yangu, ataijua hapa tu, na nitaanza kumfundisha kutoka mwanzo."

Nikamwambia mvivu hakosi maelezo. Akanyamaza. Amerithi kwako kunyamaza huko kwa kumtia mtu hasira. Chai aliinywa imepoa, makusudi.

Machi 12, Jumanne

Mvua. Mama Madoa, yule wa kutoa madoa, ameteleza kwenye sabuni akaangukia ndoo. Hakuumia. Tumecheka mpaka akaudhika.

Machi 16, Jumamosi

Tajiri Mdogo ana shemeji mchoraji. Leo huyo Mchoraji ameleta picha za kuwekwa kwenye programu, maana Tajiri Mdogo anataka duka lifanane na lile la dobi jipya lililofunguliwa ng'ambo ya barabara, lenye taa nyingi.

Naandika ukweli: nilizipenda. Pasi inacheka. Shati linacheka. Kila kitu kimezungukwa na mapovu ya sabuni ya rangi ya bluu. Nikamwambia Chiriku, "Haya ndiyo mambo! Tazama, pasi ina meno!"

Hakubisha. Aliziweka zote kwenye programu, jioni akamkaribisha Bi Kaunta. Tukamketisha.

"Ya kupokea nguo ni ipi?" akauliza Bi Kaunta.

"Shati linalocheka," Chiriku akasema.

"Na ya kutoa?"

"Shati linalocheka, lakini limekonyeza."

Bi Kaunta akanigeukia. "Shoga, mimi shati likinikonyeza, nalirudisha kwa mwenyewe."

Tulicheka, lakini baada ya hapo hatukucheka. Alibonyeza hapa, akakosea. Akabonyeza pale, akakosea. Picha zote sura moja, mapovu yale yale. Kisha akaanza kufikicha macho. Jicho lake la kulia lina ukungu, na weupe wa kioo unamchoma. Chiriku akaigeuza mashine yote ikawa nyeusi, vitu vikawa vyeupe na vikubwa. Basi zile picha za Mchoraji zikazama kwenye weusi kama soksi kwenye maji machafu. Hazikujua kugeuka. Alipozikuza, kingo zikatafunika.

Chiriku akarudisha zile za kuazima. Hizo ziligeuka zenyewe pamoja na mashine, hakuna aliyeziambia. Printa nyeupe, disketi nyeupe, kubwa, kali.

"Hizi naziona," akasema Bi Kaunta. Akainyooshea kidole disketi. "Hiki kidude kipo kwa kijana wa fotokopi. Akikibonyeza, kazi haipotei."

Hakuna aliyemwambia. Alijua mwenyewe, kwa kukaa kwenye benchi la fotokopi akisubiri zamu.

Nilikunywa chai yangu yote kabla sijafungua mdomo. Nikasema ile pasi yenye meno tutaibandika ukutani. Chiriku akanibusu kichwani, mjinga yule.

Machi 20, Jumatano

Leo dukani pamechemka. Nimesikia yote, chumba cha pasi kinatenganishwa na kaunta kwa pazia tu.

Tajiri Mdogo: "Picha zako kila mtu anazo. Mteja ataona tofauti gani kati yetu na ofisi yoyote?"

Chiriku: "Mteja hatazami kioo, Tajiri. Anayetazama ni Bi Kaunta."

"Na jina la duka?"

"Jina la duka liko mlangoni."

Ningepiga makofi, ila nilikuwa na pasi mkononi.

Tajiri Mdogo akasema haya, Jumatano ijayo tunaanza, programu yako, picha zako za kuazima. Ikiharibika, Bi Kaunta anapumzika, na kuna binti mmoja aliyesoma yuko tayari kuingia.

"Haitaharibika," Chiriku akasema.

Mtoto huyu anakuwa kama mimi. Sijui kama nifurahi.

Machi 23, Jumamosi

Bi Kaunta amekuja kufanya mazoezi kwenye mashine ya Chiriku. Anampiga picha mteja, anaandika idadi ya nguo (tarakimu anazijua, nani asiyejua tarakimu), anabonyeza printa lebo itoke, anabonyeza disketi, mashine inauliza, anabonyeza alama ya vema. Amenipokea mimi, amempokea paka, amepokea kiti. Haendi nje ya mstari.

Machi 25, Jumatatu

Mvua. Mgongo.

Machi 27, Jumatano

Kaa vizuri usome.

Tulifika mapema. Bi Kaunta amevaa blauzi yake ya kola, nimeipiga pasi mwenyewe. Mashine mpya imekaa kaunta inang'aa, nyeusi kama tulivyotaka, picha nyeupe kubwa. Chiriku ameingiza programu, akamwambia, "Bibi, usihangaike na maneno. Fuata picha." Kisha printa ikawa inatafuna karatasi kila baada ya lebo mbili tatu, akashinda ameinama chini ya kaunta akihangaika nayo, na wateja wakaanza kuingia na mafurushi yao yaliyolowa.

Mimi nikarudi kwenye pasi zangu. Nikawa nasikia sauti ya shoga yangu: "Tazama kamera, baba. Vua kofia. Nguo sita? Haya, karibu tena." Sauti ya mtu aliye nyumbani kwake. Nikatulia moyo. Mafurushi yakapita kwenda kwenye mapipa ya kufulia, mvua ikapiga bati, sote tukafanya kazi kwa haraka maana kwenye mvua nguo zikikaa zinavunda.

Karibu na mchana Mama Madoa akapaza sauti kutoka kwenye mapipa. "Jamani, huyu namba moja ni nani? Ana mashati ya wanaume watano na gauni la bibi harusi!"

Nikaangalia lebo ya shati lililokuwa mezani kwangu. Moja. Nikachukua sketi. Moja. Shuka: moja. Suruali ya mtoto: moja.

"Leo wateja wote ni namba moja," Mama Madoa akasema, "tumewaheshimu kweli kweli!" Halafu akaona uso wangu, akaziba mdomo.

Nikatoka mbele. Chiriku alikuwa ameshasimama nyuma ya Bi Kaunta, anatazama kioo, na rangi imemtoka. Hakukuwa na kitu. Wateja wote wa asubuhi, sura zao zote, hakuna. Mashine tupu kama ilivyotoka kwenye boksi.

Ilikuwa hivi. Kwenye mashine ile mpya, picha zilihama. Disketi ilikuwa imekaa kwenye kitufe cha kufuta, na pipa la taka kwenye kitufe cha kuhifadhi. Bi Kaunta alimpokea mteja, akatoa lebo, akabonyeza disketi kama alivyofundishwa. Mashine ikamuuliza kwa maneno kama kweli anataka kufuta. Akabonyeza vema, kama alivyofundishwa. Mteja akafutika. Aliyefuata akapewa namba moja tena, maana kwa mashine hakuna aliyetangulia. Na nyuzi za rangi tulishazitupa kwa amri ya Tajiri.

"Niliona imehama," Bi Kaunta akasema polepole. "Lakini mliniambia nifuate picha. Nikafuata picha."

Tajiri Mdogo akatokea. Aliposikia, hakupiga kelele, na hapo ndipo palipouma. Akapitisha mkono usoni akasema, "Bi Kaunta, nenda ukapumzike. Tulijaribu."

"Hakukosea!" Chiriku akasema. "Ni mimi!"

"Nguo za watu zimechanganyika. Ni nani siyo habari yangu leo."

Shoga yangu alichukua mkoba wake. Hakulia. Alipanga kalamu, akapangusa kaunta kwa kiganja kama vile kuna vumbi, akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Nilimkimbilia na wangu. Hakutaka kuushika. Tukalowa wote wawili, tukiwa na mwavuli umefunguliwa katikati yetu kama mtu wa tatu.

Machi 28, Alhamisi

Mchana kutwa tumetandaza nguo kwenye kamba, wateja wanakuja kuchagua zao kama sokoni. Bwana mmoja aling'ang'ania koti si lake mpaka mwenyewe akaja akalivaa. Gauni la bibi harusi limepona, mwenyewe kalitambua kwa kilio.

Nyumbani nilimkuta Chiriku amekaa tu. Nikamwambia nieleze kwa maneno ya mtu anayepiga pasi. Akasema picha za mashine zimepangwa kama kwenye kabati, kila moja ina namba ya mahali pake na ina jina. Yeye aliziita kwa namba. Kwenye mashine yake kuukuu zilikuja sawa. Mashine ya Tajiri ni mpya, na walioitengeneza walipanga kabati upya. Namba ile ile, picha nyingine.

"Na ungeziita kwa majina?"

"Zingekuja sawa, hata kabati lipangwe vipi. Mashine yoyote ingeleta ya kwake, ile inayotakiwa."

"Kwa nini hukuita kwa majina?"

"Namba zilikuwa za haraka. Nilijaribu kwenye mashine moja tu." Akafuta pua kwa mkono. "Ulisema mimi mvivu."

Nilisema, ndiyo. Lakini sikusema kwa ajili ya kuazima. Kuazima alikuwa sahihi, na nimemwambia hivyo, na najua ameshangaa kunisikia. Kisha nikamwambia anawe uso, abadilishe kila namba iwe jina, akimaliza ajaribu kwenye mashine ya zahanati, ya kijana wa fotokopi, na ya mtu yeyote atakayemfungulia mlango. Na kesho aende aseme kosa lake mbele ya watu wote.

Machi 29, Ijumaa

Amekwenda, amesema, wote tumesikia. Tajiri Mdogo akasema asante kwa kuwa mkweli, lakini binti aliyesoma anaanza Jumatatu.

Tutaona.

Machi 30, Jumamosi

Leo nimezima pasi.

Sikupanga na mtu. Nilifika, nikatazama kaunta haina mwenyewe, kiti chake kimesukumwa ukutani kama kibovu. Nikachomoa waya wa pasi yangu. Mwenzangu wa meza ya pili akanitazama, akachomoa wake. Mama Madoa akafunga bomba. Mapipa yakanyamaza. Sijawahi kulisikia duka lile likiwa kimya, mvua tu juu ya bati.

Tajiri Mdogo akaja mbio. "Umeme umekatika?"

"Umeme upo. Sisi ndio tumekatika."

"Bibi, nguo zitavunda!"

"Zitavunda."

"Mnataka nini?"

"Shoga yangu ajaribiwe kwenye mashine isiyomdanganya. Mara moja. Siku ya kazi, na foleni ya kweli. Akishindwa, mimi mwenyewe nitambebea mkoba hadi kwake, na sitakusumbua tena. Lakini humfukuzi mtu kwa sababu alifanya alichoambiwa."

"Mimi ndiye tajiri hapa."

"Wewe ndiye tajiri. Na mimi ndiye niliyekuwa nikikutoa kwenye kapu hili umejikojolea, tena nikaficha baba yako asijue. Nipigie kelele, nisikie."

Hakupiga. Akaketi kwenye kapu lenyewe, viatu vyake vyenye ncha vikaelekeana. Akasema, kwa sauti ya chini, "Bibi, wale wa ng'ambo wana kila kitu. Kila siku nahesabu wateja wetu wanaovuka barabara. Nikikosea, duka la baba linakufa mkononi mwangu."

Na mimi mwezi mzima nilidhani ni majivuno. Kumbe mtoto ana hofu. Nilitaka kumshika kichwa, lakini ningemshika, ningeshindwa. Nikamwambia, "Basi tufe pamoja, siyo kwa kumtupa mmoja mmoja." Akainuka. Akasema Jumatano ya tarehe kumi, jaribio la mwisho, na hadi hapo kaunta akae Chiriku, yule binti angoje.

Nikachomeka pasi.

Aprili 2, Jumanne

Bi Kaunta alikataa. Nilikwenda kwake akanisemesha kupitia dirishani. "Nimeshaaibika mara moja, inatosha."

"Aibu ni ya Chiriku, ameshaibeba. Fungua mlango, nalowa."

"Umezoea kulowa."

Nilikaa kizingitini pake hadi akaona haya kwa majirani, akafungua. Jioni tulikuwa naye kwetu.

Picha sasa zinakuja sawa popote. Lakini kuna jipya. Mteja akija kuchukua, Bi Kaunta anabonyeza kioo cha kukuzia, anamtafuta kwa sura, na mbele ya sura panaonyesha kama nguo ziko tayari. Tayari ina alama ya vema, ipo kwenye mashine. Ila mvua hii nguo nyingi zimefuliwa na hazijakauka, na mashine haina picha ya nguo mbichi. Chiriku ametafuta kabati zima.

Nikamwambia aweke ule msalaba mwekundu, upo.

"Huo ni wa kosa, Bibi. Bi Kaunta ameuona benki kadi ya mtu ikikataliwa. Akiuona hapa atadhani nguo zimepotea. Picha ukiiazima unaiazima na maana yake. Huwezi kuivua."

"Basi chora."

"Nikichora moja tu, itakuwa ngeni kati ya wenyeji." Akamgeukia Bi Kaunta. "Nitaandika neno. Moja. Mbichi."

Bi Kaunta akaweka kikombe chini.

"Mimi sisomi," Bi Kaunta akasema.

"Najua."

"Wewe mtoto una kichwa kigumu."

"Nimekipata hapa," akasema, akaninyooshea mimi.

Bi Kaunta akaondoka bila kuaga.

Aprili 3, Jumatano

Hakuja.

Aprili 4, Alhamisi

Hakuja. Mvua imekuwa ya upepo.

Aprili 5, Ijumaa

Nilimkuta kwake. Dirisha lake lilikuwa na ukungu wa mvua, na kwenye ukungu ule mtu ameandika kwa kidole. Vijiti, vigurudumu, mikia. Nikasimama nikasoma. Zilikuwa herufi, zimegeuka, zinamkabili aliye ndani, lakini nililitambua neno: mbichi.

"Nani amekuandikia?"

"Nilimwomba yule kijana wa fotokopi aniandikie kwenye karatasi. Nazifuata." Akafuta yote kwa kiganja, akapulizia kioo, akaandika tena, mbele yangu. Alikuwa anauma ulimi kama wewe ukiwa darasa la tatu.

Miaka yote nimembembeleza asome, hakutaka. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia mkia wa mwisho umeinamia upande, akanijibu, "Ndivyo ninavyoupenda."

Aprili 8, Jumatatu

Mvua.

Aprili 10, Jumatano

Ilianza foleni kabla hatujafungua. Tajiri Mdogo akasimama mwisho wa kaunta, mikono nyuma. Chiriku nikamkataza kukaa karibu, nikamweka kwangu nyuma ya pazia, tukichungulia kwenye upenyo, ameshika ukingo wa meza ya pasi kama mtu aliye kwenye lori.

Bi Kaunta akaketi. Blauzi ile ile, alisema haina kosa. Akapokea wa kwanza: kamera, nguo nne, printa, disketi, vema. Lebo ikasema moja, maana kila siku ina namba zake. Wa pili akaja. Mimi nikaacha pasi hewani. Lebo ikatoka, na Mama Madoa akapaza sauti kule nyuma, "Mbili! Jamani, ni mbili!" kana kwamba amezaa.

Wa tatu, wa nne, wa tano. Sauti ya shoga yangu ikaanza kurudi. Vua kofia, baba. Mtoto atazame huku, mama, siyo kwenye sabuni.

Ndipo akaja bwana mmoja wa mwavuli mkubwa, kuchukua suti aliyoileta juzi, Chiriku akiipokea mwenyewe kwenye mashine. Ana haraka, funguo zinacheza mkononi.

"Suti yangu. Niliambiwa leo iko tayari."

Kioo cha kukuzia. Sura zikatokea. Akampata mara moja, sura ndiyo kazi yake. Kisha akatulia. Nilijua kwa nini. Pembeni ya sura hapakuwa na alama ya vema. Palikuwa na neno.

Akaegemea mbele, jicho lake zuri karibu na kioo. Midomo ikaanza kusogea, haitoi sauti. Tajiri Mdogo akasogea hatua moja. Bwana akagonga kaunta kwa funguo. "Mama, nina safari."

"Ngoja, baba."

Chiriku alifumba macho. Mimi sikufumba. Nilimtazama shoga yangu akipita herufi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Akanyooka. "Bado. Mbichi."

"Haiwezekani. Niliambiwa iko tayari."

"Na nani?"

"Na... mtu wa hapa."

"Huyo mtu simjui. Mimi najua hii." Akaishika mashine kwa mikono miwili, akaigeuza kioo kimwelekee bwana yule, foleni nzima ikiona. Akaweka kidole chini ya neno. "Soma mwenyewe."

Bwana akasoma. Tajiri Mdogo naye akainama akasoma, kisha akaja hadi kwenye pazia, akapitisha mkono kwenye kamba, akaigusa suti. Maji yakamdondokea kwenye kiatu.

"Mbichi, bwana," akasema. "Kesho mchana, nitakuletea mwenyewe."

Bwana akaondoka akinung'unika, lakini hakuvuka barabara, nilichungulia.

Tajiri Mdogo akabaki amesimama. Akasema, "Bi Kaunta, yule binti nitamwambia asije."

Unadhani alishukuru? Aliirudisha mashine mahali pake, akainyoosha. "Hujaniuliza kama nataka kubaki."

Tajiri Mdogo akainama juu ya kaunta. "Unataka kubaki?"

"Nitafikiria," Bi Kaunta akasema. "Anayefuata!"

Aprili 14, Jumapili

Leo jua limetoka kidogo, likarudi ndani. Bi Kaunta amekula kwetu. Amedai Chiriku amwandikie neno jingine, siyo kwa kazi, basi tu. Wako wanabishana ni lipi.

Sasa umesoma, chai ipo jikoni, nenda ukanywe. Ila sikiliza safari ijayo. Usianzie hapa nyumbani, anzia dukani. Leta nguo chafu, nyingi. Panga foleni kama watu. Usimwambie Bi Kaunta wewe ni mtoto wa nani, anajua, lakini mwache afanye kazi yake. Vua miwani, tazama kamera. Mtu asithubutu kumsaidia kubonyeza, hasa wewe, najua vidole vyako. Ukirudi kuzichukua akakuambia mbichi, usibishane. Utakuja kulala kwangu mpaka zikauke.

Na uje wakati wa mvua.